Meya Aliyehesabu Mizani

Jioni moja tulikuwa kwenye kijiwe cha kahawa, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, tunatazama mpira. Televisheni imefungwa juu ya mlango wa duka la vitenge, watu wamejaa mpaka barabarani, bodaboda zinapiga honi zikitafuta pa kupita. Mechi ilikuwa inatoka Arusha, na kila baada ya dakika kadhaa mtangazaji anarudia kwamba tupo katika dimba la Sheikh Amri Abeid. Kijana mmoja, kofia ya pikipiki mkononi, akauliza bila kumlenga mtu: "Hivi huyu Sheikh Amri Abeid alikuwa nani?"

Majibu yakaja mengi. Mmoja akasema alikuwa mchezaji wa zamani. Mwingine akasema ni tajiri aliyetoa kiwanja. Mzee wa kahawa, ambaye huwa hakosi jibu, akasema ni mkuu wa mkoa wa enzi hizo, kisha akajishughulisha na birika lake. Mwishowe wakanigeukia mimi.

"Mwandishi, si umesoma wewe? Tuambie."

Nikasema alikuwa meya.

"Meya wa Arusha?"

"Hapana. Wa hapa. Dar es Salaam."

"Sasa meya wa Dar anapewaje uwanja Arusha?"

Watu wakacheka, timu moja ikakosa bao la wazi, na mjadala ukafia hapo. Ningeweza kuendelea. Ningeweza kuwaambia kwamba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa mji huu, kwamba alikuwa malenga, kwamba aliandika kitabu ambacho mpaka leo wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kukikwepa. Lakini nilinyamaza, nikanywa kahawa yangu. Kitabu chenyewe kilikuwa nyumbani kwangu Sinza, ndani ya tranka langu la shule, na hakikuwa changu.

Ngoja nianze na mwenye kitabu, yaani baba yangu.

Baba ni mtu wa Ujiji. Alikuja Dar kijana, kwa treni ya reli ya kati, akiwa na magunia mawili ya dagaa wa Kigoma. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa na kizimba ndani ya soko kuu la Kariakoo, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli, lenye mapaa kama miavuli iliyofunguliwa, lililozinduliwa mwaka 1975. Sisi watoto tulikulia pale. Ukirudi shule unapitia kizimbani, unapewa kazi ya kupepeta dagaa, unanuka dagaa mpaka Jumapili.

Juu ya meza ya baba kulikuwa na vitu viwili ambavyo hatukuruhusiwa kuvichezea. Cha kwanza ni mizani yake ya sahani mbili na mawe yake. Baba alikuwa mkali sana na mizani. Kariakoo ukishajulikana kwamba unapunja, umekwisha. Mteja akitilia shaka, baba hagombani naye. Anamwaga dagaa wote, anasafisha sahani, anapima upya mbele ya macho yake.

Kitu cha pili kilikuwa kitabu chembamba kilichofunikwa kwa karatasi ya gazeti: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, cha Kaluta Amri Abedi. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1954. Sehemu ya kwanza inaeleza kanuni: vina ni nini, mizani ni nini, ubeti unakaaje, kituo kinafungaje. Inayofuata ni diwani, mashairi yake mwenyewe. Baba alikuwa na kalamu ya risasi, na pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na vijistari. Alikuwa anahesabu. Wateja wakipungua mchana, utamwona midomo inacheza na kidole kinagonga meza: nane, kisha nane. Naye alitunga. Akipeleka mashairi gazetini, anatia jina la Mvuvi wa Nchi Kavu, na yakitoka ananunua nakala tatu.

Kwa baba, Amri Abedi alikuwa mtu wa nyumbani kwanza, mengine baadaye. "Mtu wa Ujiji yule," atakwambia, kama vile anamzungumzia jirani. Na ni kweli. Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Wenye kujua historia wanajua Ujiji ni mji wa namna gani: kituo cha misafara kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo watu wa pwani, Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, Waha na wengine wengi walikutana, wakawa mji mmoja kwa kuzungumza Kiswahili. Wengi wao baadaye walifuata reli mpaka huku. Msikiti wa Manyema upo Kariakoo hadi leo, na ukikaa barazani karibu na pale utasikia wazee wakiulizana habari za Kigoma kana kwamba ni mtaa wa pili.

Sasa mimi nilifika Mlimani. Chuo Kikuu, mwaka wa pili, 2009. Katika semina ya fasihi tukafika kwenye ule mgogoro maarufu wa ushairi: je, shairi lisilo na vina na mizani ni shairi? Wanaojua wanajua. Upande mmoja kuna Amri Abedi na wenzake, wanaosema shairi ni wimbo, na utungo usioimbika hauna haki ya kuitwa shairi. Upande mwingine kuna Euphrase Kezilahabi, aliyetoa *Kichomi* mwaka 1974 akaamua kuandika bila pingu hizo, na kuna Mulokozi na Kahigi, waliokuja na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* kutetea mlango mpana zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaamua niko wapi kabla hata sijafungua kitabu. Nilikuwa na miaka 21, naandika mashairi huru kwenye daftari jeusi, na nilidhani kila sheria imetungwa ili kunizuia mimi.

Nikaenda kizimbani, nikamwambia baba naazima kile kitabu wiki moja. Akakipangusa vumbi la dagaa, akanipa kwa mikono miwili. "Kitakusaidia," akasema.

Kilinisaidia kweli, ila si kwa namna aliyokusudia. Niliandika insha kali. Nilimwita Amri Abedi askari wa mpakani wa ushairi, anayekagua mizigo ya watu. Nikapata alama nzuri, na kosa langu kubwa zaidi likafuata: nikamsomea baba. Nilimsomea kizimbani, kwa sauti, nikiwa najivunia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Na hawa watu wa chuo, wao wanatunga?" Nikamjibu kijeuri kwamba zama za kuhesabu vidole zimepita, na kwamba hata mashairi yake ya gazetini hakuna kijana anayeyasoma. Baba akageuka kumhudumia mteja. Kitabu sikurudisha. Wala hakukiuliza.

Miaka ikapita. Nikawa mwandishi wa habari, na kwa bahati nikapangiwa habari za mji: vikao vya madiwani, taka, mitaro, ushuru wa masoko, leseni. Nimekaa sana Karimjee nikisubiri vikao vianze. Ukumbi ule ulitolewa na familia ya Karimjee mwaka 1955, ukatumika kwa Baraza la Kutunga Sheria na baadaye Bunge, na mmoja wa familia hiyo, Abdulkarim Karimjee, alikuwa meya wa mji huu kabla ya kuwa Spika. Ni pale, katika kusubiri kwingi, nilipoanza kufikiria tena jina la Amri Abedi, safari hii kama meya.

Fikiria mji aliopewa. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949. Sensa ya 1957 ilihesabu watu wapatao 129,000. Leo mkoa una zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, lakini ule mji mdogo ulikuwa umekatwa vipande vitatu kwa wino wa mkoloni: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala, nyuma ya uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya kupunga upepo. Uliachwa ili watu wa upande huu wasiishi karibu na watu wa upande ule. Hata jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya watu waliobebeshwa mizigo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa hapa.

Mwaka 1960 mtu wa upande wa Uswahilini akakalia kiti cha meya. Alikuwa na miaka 36. Nimeshampita umri huo, na sijawahi kuongoza hata kikundi cha kusaidiana. Na si kwamba alikuwa mtoto wa mjini. Alikuwa mtu wa bara, kutoka mwisho wa reli. Alikuwa mubaligh wa Ahmadiyya, jumuiya ya watu wachache katika mji wa Waislamu wengi wa Kisunni. Alikuwa ameshiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya jumuiya hiyo, iliyotoka 1953, na alikwenda kusoma Rabwah, Pakistani. Ukikaa ukazihesabu tofauti zake na watu aliowaongoza, unashangaa. Lakini TANU ilimsimamisha, madiwani wakamchagua, na usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, meya wa mji mkuu alikuwa malenga wa Kiswahili kutoka Ujiji. Siku zilezile Dar es Salaam ikapandishwa kutoka manispaa kuwa jiji.

Hakuwa malenga pekee katika siasa zile. Saadani Kandoro, mtu mwingine wa Kigoma, alikuwa miongoni mwa waliounda TANU mwaka 1954. Na soko la Kariakoo lenyewe, kabla halijapata jengo hili, lilikuwa baraza la siasa: Abdulwahid Sykes alikuwa mkuu wa soko miaka ya hamsini, na wanaharakati walimfuata palepale kazini. Bei ya vitunguu, mkutano wa chama, na shairi jipya la gazetini vilizungumzwa kwa pumzi moja.

Duniani nako, meya mshairi si jambo geni. Aimé Césaire aliongoza Fort-de-France, huko Martinique, tangu 1945 mpaka 2001. Miaka 56, umri wa mtu mzima. Léopold Senghor alikuwa meya wa Thiès, Senegali, kabla hajawa rais. Lakini hao wawili waliandika kwa Kifaransa, na waliandika kwa kuvunja mafundo ya Kifaransa. Meya wetu aliandika kwa lugha ambayo muuza dagaa anaisoma, na badala ya kuvunja kanuni akazikusanya, akazipanga, akaziandika ili mtu yeyote anunue azisome.

Hapa ndipo nilipoanza kuona nilivyomwelewa vibaya. Nilidhani sheria za Amri Abedi ni za mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba akafunga mlango. Kumbe yeye mwenyewe alitoka nje. Mtoto wa ukoo wa kimalenga wa Lamu, Mombasa au Pemba hahitaji kitabu kumfundisha mizani. Anayo sikioni tangu anabebwa mgongoni. Anayehitaji kitabu ni mtoto wa Ujiji, wa Dodoma, wa Songea, ambaye anapenda shairi lakini hana babu wa kumrekebisha. Amri Abedi alijifunza, kisha akaandika alichojifunza kwa lugha nyepesi, kusudi wa nyuma yake asilazimike kubahatisha. Baada ya kitabu kile, mkulima, karani na muuza dagaa aliweza kusimama mbele ya malenga wa pwani akasema: hebu hesabu, ni nane kwa nane, hujanipunja nami sijakupunja.

Huo ndio mji wenyewe pia. Kariakoo hakuna mwenye asili ya Kariakoo. Wapagazi walikuja, Wamanyema wakaja, Wazaramo walikuwepo jirani, Wachaga wakaja na maduka, Wakinga wakaja na nguvu zao, na siku hizi hata Wachina wamekuja. Hatufanani kwa kitu. Kinachotufanya tuuziane bila kutoana macho ni kile kipimo tulichokubaliana juu ya meza. Meya ni mtu wa kulinda kipimo hicho: njia ipitike, taka izolewe, ushuru uwe uleule kwa mkubwa na mdogo. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna anayemkumbuka meya kwa mtaro uliozibuliwa.

Na yeye hakukaa sana. Alimaliza umeya 1962. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, na nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: mtu aliyeandika sheria za mashairi sasa amepewa sheria za nchi. Mwaka uliofuata akahamishiwa wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Oktoba 1964 akafariki akiwa Ujerumani Magharibi. Alikuwa na miaka 40. Kila kitu nilichokitaja hapa, kitabu, tafsiri, umeya, uwaziri, kilifanyika kati ya miaka yake 29 na 40. Baraza aliloliongoza halipo tena kama alivyoliacha. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Kimebaki kitabu, na uwanja wa mpira Arusha ambao hata herufi za jina lake zimegeuka kidogo.

Mwaka huohuo wa 2021, Jumamosi usiku, Julai 10, soko kuu la Kariakoo likaungua.

Nilikwenda kama mwandishi. Nilisimama nyuma ya kamba na daftari langu, moshi unatoka kwenye yale mapaa ya Amuli, na nikaandika nilichoambiwa niandike. Baba alikuwa upande wa pili, miongoni mwa wafanyabiashara. Tulionana kwa mbali. Hakulia. Alikuwa ameshika funguo za kizimba mkononi kama mtu anayesubiri zamu yake ya kufungua.

Siku nne baadaye, kwenye kundi la familia la WhatsApp, baba akatuma ubeti mmoja. Hakuandika salamu wala maelezo:

Moto ule uliwaka, soko kuu la mjini,
Mizani ikaanguka, dagaa wamo jivuni,
Kitabu nilichoweka, sikukiona mezani,
Mali huja ikatoka, elimu hubaki ndani.

Ndugu zangu wakajaza alama za kulia na za mikono iliyokutanishwa. Dada akaandika "Pole sana baba, Mungu atalipa." Mimi nikasoma mstari wa tatu, nikausoma tena. Baba alidhani kitabu kiliungua. Labda miaka ilivyopita alisahau kwamba nilikichukua. Labda alikumbuka na akaamua kunisitiri mbele ya wenzangu kwa kuwasingizia moto. Sikujua, na sikutaka kuuliza. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba kitabu kipo Sinza, ndani ya tranka, chini ya vyeti vyangu.

Nikabonyeza kidole gumba. Basi. Mtu amepoteza maisha yake yote ya biashara, anaomboleza kitabu ambacho mimi ninacho, na mimi nikamjibu kwa kidole gumba.

Ungedhani kesho yake ningekipeleka. Sikupeleka. Kwanza niliona aibu, halafu nikaona nimechelewa, halafu kuchelewa kukawa sababu mpya ya kuona aibu. Nimeandika makala nyingi kuhusu viongozi wanaoshindwa kutamka neno "nilikosea". Nazijua mbinu zao zote. Nyingine nilizitumia mwenyewe, nikiwa peke yangu, mbele ya tranka.

Kilichonitoa ni lile swali la kijana wa bodaboda. Usiku ule baada ya mpira nilirudi nyumbani nikafungua tranka. Lile gazeti la kufunikia lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Nilikaa sakafuni nikasoma mpaka umeme ukakatika, kisha nikaendelea kwa tochi ya simu. Sikubadilika kuwa mfuasi, nisije nikakudanganya, msomaji. Bado nampenda Kezilahabi, na bado naamini kuna shairi linalopumua bila kuhesabiwa. Lakini nilisoma pia vijistari vya kalamu ya risasi vya baba pembeni, na mahali pengine palikuwa na namba za kilo za dagaa zimechanganyika na hesabu ya mizani, 8, 8, 16, kilo 12, kilo 7 na nusu. Zote kwa mwandiko mmoja, na zote kwa uangalifu uleule. Huyu ndiye mtu niliyemwambia zama zake zimepita.

Nikaamua sitampelekea kitabu mikono mitupu. Nitamjibu kwa ubeti, kwa vina vyake vilevile. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku tisa, na nilipata mstari mmoja tu.

Baba sasa anakaa Ilala Bungoni. Anauza dagaa kidogo kidogo barazani, kwa mizani ya betri ambayo anaitazama kama mkwe asiyemwamini. Nilifika baada ya alasiri, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda. Nikatoa kitabu kwenye mfuko, nikampa kwa mikono miwili kama alivyonipa yeye.

Alikiangalia kwa muda mrefu. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akanusa.

"Kumbe," akasema.

Nikamwambia ulikuwa kwangu tangu 2009. Nikamwambia niliusoma ule ubeti wake siku ileile na nilinyamaza. Nikasema nisamehe baba. Halafu, kwa kuwa ukimya ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, nikasema nina jibu, nikamsomea mstari wangu:

Kitabu hakikuungua, nilikihifadhi ndani.

Baba akafumba macho. Kidole kikaanza kugonga kitabu. Akagonga, akasimama, akarudia.

"Tisa," akasema. "Cha kwanza kina tisa. Umezidisha moja. Na kina changu cha kati umekitupa wapi? Mimi nilikupa ka."

Nikasema nitarekebisha.

"Sema hakikuwaka. Ki-ta-bu-ha-ki-ku-wa-ka. Nane." Akafungua macho. "Na hilo la pili mizani imetimia, lakini neno si lake. Hukuhifadhi. Anayehifadhi anamwambia mwenye mali."

Sikuwa na la kusema. Mteja akaja, mama mmoja na kikapu, akataka dagaa wa elfu tatu. Baba akampimia, akaongeza kidogo cha juu, akapokea hela, akaagana naye. Kisha akanirudia kana kwamba hatukukatizwa.

"Kilikaa sandukuni. Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole, barazani, watu wanapita. Ki-li-ka-a-sa-ndu-ku-ni. Nane.

"Haya," akasema baba, akiweka kitabu juu ya meza, pembeni ya mizani. "Imebaki mitatu. Usiende mpaka uimalize."